Kiti cha Manjano Kituoni Tilden

Jumanne, 14 Januari

Msemaji wa polisi alisema leo saa nne asubuhi kwamba mwanamke aliyegongwa jana kwenye kona ya barabara ya Brackett na mtaa wa Tilden ni Leatrice Boone, umri wa miaka sitini na nane, na kwamba yuko hai. Amevunjika nyonga na mkono wa kushoto. Dereva, mwanamume wa miaka thelathini na minne, hakuwa amelewa wala hakukimbia. Alikuwa ameegesha kwenye kituo cha basi huku taa za tahadhari, hazadi, zikiwaka, akaingia kununua mikate, akatoka, akarudisha gari nyuma.

Magari matatu yalikuwa yamekaa kituoni, kwa hiyo basi la 74 lilisimama katikati ya barabara. Bi Boone alishuka kutoka njia ya miguu na fremu yake ya kutembelea, akapita kati ya gari la kwanza na la pili ili alifikie basi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na saba asubuhi, giza bado, barafu chini.

Niliandika mistari kumi na miwili, ukurasa wa tatu. Mhariri alikata mmoja, ule uliosema magari mangapi yalikuwa kituoni. "Habari ni aliyegongwa," alisema.

Jambo jingine ambalo halikuingia gazetini: Jumamosi iliyopita niliegesha palepale, nikanunua mkate mweusi. Dakika mbili.

Jumatano, 15 Januari

Theluji kidogo. Hakuna jipya.

Ijumaa, 17 Januari

Nilimwona Bi Boone hospitalini. Mkono umefungwa, uso umevimba upande mmoja, sauti nzima. Figo zake hazifanyi kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa husafishwa damu kwa mashine kwenye kituo cha matibabu ng'ambo ya mto. Zamu yake huanza saa moja kamili asubuhi. Akichelewa dakika ishirini, muda wake hukatwa, kwa sababu mgonjwa mwingine anangojea mashine hiyohiyo.

"Kabla ya ajali ulichelewa mara ngapi?" nilimuuliza.

"Desemba peke yake mara tano. Siku hizo natembea kama mtu aliyejazwa maji ya bomba."

Binti yake, Yvette, amekuja kutoka mji wa Columbus, anakoishi. Alisimama dirishani bila kuvua koti.

"Andika hili, dada," aliniambia. "Gari la hospitali litamchukua nyumbani mpaka apone. Siku likikoma, kama hakuna basi la kuaminika, nauza nyumba na naenda naye kwangu."

"Nyumba yangu," alisema mama yake.

"Nyumba yako, mama."

"Miaka thelathini na minane. Sasa anataka kunitundika chumba cha wageni kama koti la marehemu."

Yvette hakucheka. Nilipotoka alinifuata hadi kwenye lifti, akasema hana nia mbaya. Nilimwambia sikuandika kwamba anayo.

Jumatano, 22 Januari

Odell Pruitt ndiye aliyekuwa akiendesha basi siku ile. Ana miaka kumi na tisa kwenye njia ya 74. Nilikutana naye mwisho wa njia, akinywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya themosi.

"Nilimwona kwenye kioo cha mbele," alisema. "Nikapiga honi. Yule kijana akadhani namfokea yeye aondoke upesi. Akaondoka upesi."

Akafunga chupa, akaifungua tena.

Nikamuuliza kwa nini 74 haifiki kwa wakati. Alinieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi bila kusikilizwa. Kituo kikijaa magari, hawezi kufika ukingoni, wala kuliinamisha basi upande wa mlango kwa wenye fremu na viti vya magurudumu. Kila abiria anachukua muda zaidi. Anakosa taa ya kijani. Akichelewa dakika tano, watu kituoni kinachofuata wameongezeka, akiwachukua wote anachelewa zaidi. Mwenzake wa nyuma anakuta vituo vitupu, anamfikia.

"Halafu watu mnasema mabasi yetu yanatembea mawili-mawili kama masista. Dada Wasko, mimi si dereva tena. Nimeajiriwa kuomba radhi."

Jumatatu, 27 Januari

Nilisimama Tilden kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu. Mabasi ishirini yalipita kuelekea mjini. Kumi na matatu hayakuweza kufika ukingoni. Magari yaliyoegeshwa kituoni yalikuwa arobaini na moja, na muda wa wastani ni dakika tatu na nusu. Thelathini na manane yaliwasha hazadi. Hapa kwetu mtu akiwasha hazadi huamini hajaegesha.

Katika kila madereva wanne nilimjua mmoja. Walinipungia mkono.

Jumatano, 5 Februari

Mhandisi wa jiji, Meredith Stauffer, ametangaza mpango: njia ya basi peke yake saa za asubuhi na jioni, na kwenye vituo vinne, Tilden kikiwamo, kibaraza cha zege kitakachotokeza mpaka kwenye njia ya basi. Abiria atapanda kutoka kibarazani bila kushuka barabarani, na hakuna gari litakaloweza kuegesha pale. Maegesho sitini na mawili yataondoka. Kikao cha kuwasikiliza wananchi ni tarehe 19 Machi.

Kufikia mchana, karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa Gorecki, mwokaji wa kona ya Tilden: OKOA MAEGESHO YETU. Majina themanini.

"Wasko!" Caz Gorecki aliita kutoka nyuma ya kaunta. "Umekuja kununua au kuhesabu?"

"Vyote viwili."

"Basi hesabu na wateja. Robo tatu yao wana magari. Mama Boone namhurumia, Mungu anajua. Lakini wakiniondolea maegesho, kufikia Krismasi nitakuwa nimefunga, na watu sita watakuwa nyumbani."

"Yule kijana alitoka hapa kwako."

"Najua alitoka wapi." Aligeuka akaendelea kupanga mikate.

Jumatatu, 17 Februari

Theluji sentimita thelathini na nane tangu Jumamosi, kwa mujibu wa watu wa hali ya hewa. Greda lilipita Brackett saa tisa alfajiri na kusukuma theluji yote pembeni. Idara moja husafisha barabara, nyingine husafisha vituo, na ile ya barabara hupita mwisho. Asubuhi kila kituo kilikuwa chini ya tuta lenye urefu wa kiuno.

Isipokuwa Tilden. Tilden palikuwa pamechimbwa vizuri mpaka lami, mita kumi na tano, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Katikati palikuwa na kiti cha jikoni, miguu ya chuma, kiti chenyewe cha plastiki ya manjano.

Mgeni angepita bila kuelewa. Sisi tunaelewa. Kila mtaa huku, mtu akichimba theluji kwenye nafasi ya kuegesha, huweka kiti, na nafasi ni yake mpaka theluji iishe. Haiko kwenye sheria yoyote. Nimeandika habari za watu waliotobolewa magurudumu kwa kukisogeza kiti cha mwingine, na polisi waliofika wakamuuliza mwenye gari alikuwa akifikiri nini.

Lakini sijawahi kuona mtu amewekea basi kiti.

Saa kumi na mbili na dakika kumi 74 ilifika. Mwanamke aliyevaa sare ya hospitali alikivuta kiti juu ya njia ya miguu, Odell akasogea mpaka ukingoni, akaliinamisha basi, watu tisa wakapanda. Basi lilipoondoka, abiria wa mwisho kushuka alikirudisha kiti. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 18 Februari

Kiti kipo.

Alhamisi, 20 Februari

Kiti kipo. Baridi kali. Alama ya jiji inayokataza kuegesha iko mita mbili juu yake, miaka kumi na minne sasa.

Jumatatu, 24 Februari

Nilihesabu tena, saa zilezile. Mabasi ishirini: kumi na tisa yalifika ukingoni. Moja lilizuiwa na gari la takataka la jiji. Gari la kwanza kusimama karibu na kiti lilikaa sekunde nne, dereva akakitazama, akaenda kuegesha mtaa wa pili, akarudi kwa miguu kununua mikate yake.

Gazeti limechapisha hesabu zote mbili, ukurasa wa kwanza wa habari za jiji. Bi Stauffer alipiga simu kuuliza kama anaweza kuzitumia. Nilimwambia zimeshachapishwa, ni za kila mtu.

Jumanne, 4 Machi

Kesho ni mwanzo wa Kwaresima, kwa hiyo leo, kwa desturi ya huku, ni siku ya maandazi ya jamu, na foleni ya Gorecki ilifika kona ya pili kabla jua halijatoka. Magari yalijaa kila mahali, hata mbele ya bomba la zimamoto. Kituoni hapakuwa na hata moja. Kiti kilikaa peke yake katikati ya fujo ile.

Foleni ilinipitisha hadi ndani, karibu na mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Kwenye meza ambapo waokaji hula chakula kulikuwa na viti vitatu, miguu ya chuma, plastiki ya manjano. Meza ni ya watu wanne.

Caz aliniona nikitazama.

"Usiandike hilo," alisema.

"Nani alichimba?"

"Usiandike, Wasko."

"Kwa nini ufiche?"

Alipunguza sauti. Nyuma yangu watu wapatao mia walikuwa wakingoja. "Kwa sababu yule kijana alishuka garini na mfuko wangu bado mkononi. Jina langu limeandikwa juu yake. Aliuangusha barabarani, karibu na fremu ya yule mama, mikate ikamwagika. Nilitoka kuiokota. Unaelewa? Mama wa watu amelala chini, na mimi naokota mikate." Akapanga maandazi sita kwenye boksi. "Ya nani haya? Ni yako? Haya, nenda, unazuia watu."

Nilikuwa nimemwandika mtu huyu katika habari mbili kama mpinzani wa mpango. Bado ni mpinzani wa mpango.

Jumatano, 19 Machi

Kikao kilianza saa kumi na mbili jioni katika ukumbi wa baraza na kuchukua saa tatu na nusu. Watu sabini na wanane walijiandikisha kusema. Kila mmoja alipewa dakika mbili, na saa nyekundu ukutani hulia zikiisha.

Bi Stauffer alionyesha michoro. Alisema wapimaji wake walihesabu wateja wa maduka ya Brackett na kukuta sita kati ya kumi huja kwa miguu au kwa basi.

Caz alisimama akiwa na aproni chini ya koti. "Mliwahesabu siku gani, mama?"

"Jumanne na Alhamisi."

"Mimi nauza Jumamosi."

Ukumbi ulicheka, hata upande wa pili. Bi Stauffer aliandika kitu. Baadaye aliniambia kwamba Caz alikuwa sahihi, na kwamba atahesabu upya.

Caz aliendelea. Hapingi kibaraza cha Tilden, alisema, anapinga kuondoa maegesho sitini na mawili ili kuokoa kona moja. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kwa hiyo unasubiri wagongwe kwenye kona nne?" Caz akamjibu, "Wewe hununua mkate wapi, bwana? Kwangu sijakuona." Mwenyekiti akagonga nyundo.

Bi Boone alikuwa namba hamsini na tatu. Odell alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye kipaza sauti. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani, ya bluu.

"Mmenipa dakika mbili," alisema. "Asanteni. Yule aliyenigonga naye alisema ni dakika mbili. Sina hasira naye. Aliniandikia barua, nzuri. Kila mtu aliyewahi kuegesha pale alikuwa na dakika mbili, na wengine wenu nawajua kwa majina. Nimekaa pale kituoni nikiwaangalia miaka mingi. Mlikuwa mkinisalimia."

Alitazama karatasi yake, akaikunja.

"Sitaki kitu kikubwa. Nataka kutoka kwangu, nipande basi, nifike kwenye mashine yangu, nirudi kwangu. Binti yangu anasema kama siwezi, basi si kwangu tena. Ana haki ya kusema hivyo. Ninyi ndio mnaoweza kumfanya awe amekosea."

Saa ilikuwa imebakisha sekunde thelathini na moja. Hakuzitumia.

Niliangalia viatu vyangu. Halafu nikaandika idadi ya sekunde.

Jumatatu, 31 Machi

Theluji imekwisha, hata kwenye vivuli. Saa mbili asubuhi mwanamume alishuka kwenye gari, akakichukua kiti, akakiweka juu ya njia ya miguu, akaegesha, akawasha hazadi.

Mwanamke wa sare ya hospitali alimwambia, "Kaka, hicho kiti kina mwenyewe."

"Theluji iko wapi?"

Haki ya kiti hutoka kwenye koleo, na huyeyuka pamoja na kile koleo lilichoinua.

Jumatano, 2 Aprili

Lori la jiji limepita Brackett kukusanya viti, kama kila mwaka mwanzo wa Aprili. Nilikiona cha manjano kikirushwa juu ya vingine.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne 74 ilisimama katikati ya barabara.

Jumanne, 15 Aprili

Baraza limepitisha mpango, kura tano kwa nne, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Maegesho yatakayoondoka ni arobaini na manne badala ya sitini na mawili. Bi Stauffer alihesabu Jumamosi mbili na kuchora upya. Ujenzi wa vibaraza utaanza Jumatatu, 9 Juni. Tilden ndicho cha kwanza, na kuanzia siku hiyo magari yatazuiwa pale.

Odell alinipigia kutoka mwisho wa njia. "Nimeshinda?"

"Majaribio ya mwaka mmoja."

"Dada, mimi nilioa kwa majaribio ya mwaka mmoja. Huu wa ishirini na saba."

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda mtaa wa Tilden, nyumbani kwa Bi Boone. Bi Boone anatembea kwa fremu kutoka jikoni hadi mlangoni, akipumzika mara moja. Yvette alikuwepo, na barua ya hospitali mezani: gari litakoma Ijumaa, 2 Mei.

"Mpaka Juni tisa ni wiki tano," Yvette alisema. "Asubuhi kumi na tano. Nimehesabu, kama wewe. Asubuhi kumi na tano apite kati ya magari na nyonga ile? Hapana. Dalali anakuja tarehe sita."

"Ukingoja mpaka Juni?"

"Nina kazi, dada. Nina likizo ya siku nne. Yeye hawezi kukosa mashine hata wiki moja, achilia mbali tano."

Bi Boone alikuwa akimenya viazi. "Uliza kama ninakubali," alisema.

"Unakubali?" nilimuuliza.

"Nitakubali Mei sita. Leo ni Aprili."

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimweleza Caz. Haikuwa kazi yangu kumweleza. Aliendelea kukanda, mikono imezama kwenye unga mpaka viwikoni.

"Kiti kitupu bila theluji ni takataka," alisema. "Jiji limesema, na jiji lina haki."

"Ndiyo."

"Lakini mtu aliyekaa kwenye kiti si takataka. Nani atamchukua mtu amweke juu ya njia ya miguu?"

"Nani atakaa?"

"Mimi nitakaa. Kila Ijumaa. Danuta, msaidizi wangu, atalishika tanuri." Aliinua kichwa. "Usinitazame hivyo. Maegesho arobaini na manne, Wasko! Nawachukia wote waliopiga kura hiyo. Lakini yule mama hataenda Columbus kwa sababu ya mfuko wangu wa mikate."

Kufikia jioni, ile karatasi ya OKOA MAEGESHO ilikuwa imeondolewa, na mahali pake kulikuwa na nyingine yenye tarehe kumi na tano na mistari kumi na tano. Odell ameleta koti la kung'aa la dereva, na maagizo: kiti kikae ukingoni, si katikati, miguu isivuke mfereji, basi likionekana, simama.

Ijumaa, 2 Mei

Kijana aliyemgonga Bi Boone amejiandikisha kwa Jumatano tatu. Mwanamke wa sare ya hospitali, mbili. Padri wa parokia, moja. Abiria wawili wa 74, moja moja. Bi Stauffer, moja. Aliandika jina lake kamili na saa. Caz amechukua Ijumaa zote tano.

Tarehe kumi na nne zimejaa. Ya kwanza ilikuwa tupu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumzuia jirani yake asinunue mkate.

Jumamosi, 3 Mei

Niliegesha mtaa wa pili, nikaenda kwa Gorecki kwa miguu, nikaandika jina langu kwenye tarehe ya kwanza. Kisha nilimpigia mhariri nyumbani kwake, nikamweleza.

"Unajua maana yake," alisema.

"Najua. Mpe mtu mwingine habari za Brackett."

"Miaka thelathini na mmoja hujawahi kusaini hata karatasi ya kuomba taa mtaani kwako."

"Sijawahi."

"Kwa nini hii?"

Nilimwambia kuhusu Jumamosi ya tarehe 11 Januari, mkate mweusi na dakika mbili. Akauliza jina la Tran, mwandishi wetu mpya, linaandikwaje, kwa sababu habari hiyo sasa ni yake.

Caz amenipa kimojawapo cha viti vitatu vilivyobaki. Kiko kwenye gari, kiti cha nyuma. Yvette ameahirisha dalali kwa wiki moja, si zaidi. Anataka kuona kwanza.

Jumatatu, 5 Mei: kiti kuwekwa saa kumi na moja na dakika hamsini asubuhi. Basi la 74, dereva Pruitt, saa kumi na mbili na dakika kumi. Mashine ya Bi Boone, saa moja kamili.